Kugawa kwa Njia ya Tanzania

Direkta, mkuu wa shule yetu, aliingia darasani bila hodi, akakaa dawati la nyuma. Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi Rumonge kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, na nilikuwa nafundisha kugawa kama nilivyofundishwa kule: namba ya kugawia nikaiandika kushoto. Hapa Burundi huandikwa kulia. Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, iko kinyume."

Direkta akasimama. Hasira zangu ziko karibu, nikaapa moyoni: akinifokea mbele ya watoto hawa, naenda moja kwa moja ufukweni kwa shangazi, tukaanike ndagala, dagaa wa hapa ziwani, na shule sirudi tena.

Akaichukua chaki mkononi mwangu. Akaandika hesabu ileile kando ya yangu, kwa njia ya hapa, taratibu, mpaka jibu. Akawageukia watoto.

"Majibu iko mbili ao moja?"

"Moja!"

"Basi nyinyi muna njia mbili. Mimi nilipokuwa mutoto nilipewa moja tu."

Akanirudishia chaki, akaketi tena nyuma, akangoja niendelee. Nikaendelea.

Shangazi anaanika ndagala zake peke yake hadi leo.