Ng'ombe wa Mahari Yangu Walirudishwa kwa Sababu ya Kura

Admin, naomba usitaje jina langu wala kijiji, huku kwetu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka hamsini na moja, naishi Bariadi na mume wangu na tumejaliwa watoto wanne. Nilikozaliwa ni upande wa Maswa. Haya ninayoandika yalianza uchaguzi ule wa kwanza wa vyama vingi, nikiwa na ujauzito wa binti yetu wa kwanza, na hayajaisha mpaka leo.

Baba yangu alikuwa mwimbishaji wa ngoma, Mgika wa kufa na kuzikana. Mume wangu alicheza upande wa Wagalu. Kwa wasiojua, hayo ni makundi mawili ya ngoma za Kisukuma. Pamba ikishavunwa yanakutana uwanjani kushindana, na kila moja linalisema lenzake kwa nyimbo bila huruma. Unaimbwa, unachekwa, jioni mnakunywa pamoja. Kabla hajanioa, mume wangu aliwahi kuimbwa na baba kwamba ana miguu ya korongo, na alicheka mpaka akakaa chini.

Vyama vilipoingia, baba akaenda upinzani, mume wangu akabaki chama tawala. Kura za udiwani wa kata yetu huku Bariadi zilipohesabiwa, mtu wa chama cha baba akatangazwa kashinda. Chama tawala wakalalamika, kura zikahesabiwa upya, mtu wa baba akashindwa. Mume wangu alikuwa wakala wa chama chake ndani ya chumba cha kuhesabia. Baba alimfuata mbele za watu akamwambia, "Mkwe wangu, niambie tu ulichokiona." Mume wangu akajibu, "Baba, nimekula kiapo. Siwezi kusema." Mpaka leo hata mimi hajaniambia, na tunalala kitanda kimoja.

Msimu wa ngoma ulipofika baba akatunga wimbo. Kwa Kiswahili ni kama kusema, mkwe wangu aliingia na macho mawili, katoka kipofu, mpeni fimbo. Uwanja mzima uliangua kicheko. Watoto wakaubeba mpaka sokoni, mume wangu akipita na baiskeli wanafumba macho na kupapasapapasa. Baba alidhani ni ngoma kama ngoma za siku zote. Kumbe wenye siasa zao hawakuichukua hivyo. Alikamatwa, wakasema ni uchochezi. Kanisani watu wakagawanyika, hawa wanasema mzee ana haki ya kuimba, wale wanasema amevuka mpaka, na mimi nimekaa katikati yao na mtoto mgongoni. Baba alitoka mahabusu anakohoa. Hakuimba tena.

Aliamini mume wangu ndiye aliyempeleka polisi. Nilimuuliza mume wangu huku nalia. Akasema, "Mama Minza, haki ya Mungu sikumshitaki." Nikamwambia basi mbona hukwenda kumwekea dhamana? Aliogopa wenzake wangemwita msaliti. Siku hiyo nilimchukia, nasema ukweli, na baba naye nilimchukia kwa ulimi wake.

Haukupita muda, asubuhi moja kaka zangu wakafika na ng'ombe wa mahari yangu. Hata mwangaluka hawakutuambia, salamu ya asubuhi tu walitunyima. Mkubwa wao akasema, "Baba amerudisha mali yenu. Dada arudi nyumbani." Mume wangu akagoma kufungua zizi. "Mimi sijaacha mke. Rudini nao." Wakawaacha nje, wakaondoka. Mume wangu akatoka kwenda kutafuta wazee wa kusuluhisha.

Jua likapanda. Ng'ombe walikuwa wametembea kutoka Maswa, wanalia kiu nje ya boma. Mama mkwe wangu ni mtu aliyezaliwa na kukulia kwenye ng'ombe. Alivumilia akashindwa. Akafungua zizi, akawaingiza, akawanywesha.

Wazee walipokaa wakasema ng'ombe wakishaingia zizini na kunywa maji, wamepokelewa, ndoa imevunjika. Mume wangu akasema waliingia kwa kiu tu. Mama mkwe alilia kuliko mimi. Sikurudi kwetu, nilibaki na mume wangu, lakini kulipa upya hataki, anasema akilipa atakuwa amekubali kwamba aliniacha. Mama yangu mzazi alipofariki, mume wangu alikaa na wageni wa mbali, hakupewa nafasi ya mkwe.

Na yule mtu wa baba aliyegombea udiwani alishahamia chama tawala zamani sana. Nilimkuta kwenye sherehe moja amekaa na aliyemshinda, wanafunguliana soda na kucheka. Nilitoka nje nikalia.

Sasa yule binti yangu wa kwanza amepata mchumba, kijana wa Meatu, kwao ni watu wa heshima. Wazee wake wanauliza ng'ombe wawapeleke kwa nani. Baba kanipigia simu, "Ng'wanone, mwanangu, wewe huna mahari. Mtoto wako ni wa kwangu, ng'ombe waje kwangu." Mume wangu naye anasema, "Wakienda kwa yule mzee, kwenye harusi msinitafute. Kwani aliyemlea ni nani?" Nikisema wapelekwe kwa baba, nimekubali kwa mdomo wangu kwamba mwanaume niliyezeeka naye si mume wangu. Nikisema waje hapa, baba atakufa akijua nimemkana, na umri wake umekwenda.

Jana tulikuwa tunachambua mchele, binti yangu akaniuliza kwa upole, hata kuniangalia hakuniangalia, "Mama, kwani wewe umeolewa?"

Nilijifanya naenda kuangalia moto jikoni. Wazee wa Meatu wanakuja wiki ijayo. Ndugu zangu, hasa mliokulia kwenye mila hizi, nawaomba msinitukane, nishaurini tu. Wale wageni niwaelekeze wapi, na huyu mtoto nimjibu nini?