Mtaro wa Fundi

Nyumba yetu ya Mwamkulu niliichora mimi, kwenye daftari la maandalio ya masomo, nilipokuwa mwalimu wa sayansi kimu katikati ya miaka ya tisini. Umeme haukuwapo na sikuutarajia, hivyo nilitaka nyumba ambayo ingekuwa na ubaridi wake yenyewe: kuta nene, paa lililotokeza vizuri, na milango na madirisha yanayotazamana ili upepo uingie huku utokee kule.

Mume wangu alikuwa karani, hajawahi kupigilia msumari ukanyooka. Ndiye aliyemleta fundi. Sifa kubwa ya fundi huyo ilikuwa kujenga mabani ya kukaushia tumbaku huko Inyonga. Bani hujengwa makusudi joto lisitoke. Mimi nilitaka joto lisiingie. Nilipomweleza hivyo, alimgeukia mume wangu akamuuliza, "Mzee, unasemaje?" Mzee akajibu kwamba fundi ni fundi.

Ikawa ndio mtindo. Niulize mimi, ajibiwe mume wangu. Kiwanja kilikuwa na mteremko, nikasema tuchimbe kwanza mtaro wa kukinga maji upande wa juu. Fundi alicheka kwa adabu. Alikuwa na pima maji mpya aliyotembea nayo kwapani hata akienda kwenye pombe, akailaza juu ya msingi ili tuone kila kitu kimekaa sawa. Kisha akamweleza mume wangu kwamba maji ya mvua yana njia yake ya zamani, hayawezi kuihama kwa ajili ya nyumba ya watu wawili. Hapo alisema kweli. Njia yenyewe ilipita sebuleni kwetu.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana mmoja wa Novemba, paa limeshaezekwa, milango bado. Wanaume wangu wawili walikuwa ndani wakijadili rangi ya milango hiyo. Maji mekundu yaliingia mbele, yakakata sebule, yakatokea nyuma, kwa kufuata ramani niliyouchorea upepo. Yalichukua mchanga na kandambili za fundi. Wao walipanda kwenye jukwaa la kujengea wakaendelea na kikao. Nilimsikia fundi akisema mvua ya namna hii si ya kawaida.

Nilichukua jembe nikapanda juu ya kiwanja. Nilichimba mtaro kwa hasira, moja kwa moja kufuata mteremko. Jirani yangu, mama wa Kisukuma aliyehamia huko na ng'ombe zake, alitokea na jembe lake bila kuitwa. Alinitazama kidogo, akasema, "Dada, ukiukata wima hivyo unajichimbia korongo. Ulaze." Tukaulaza, tukikatiza mteremko, udongo tukiutupia upande wa nyumba. Maji yalisita, yakageuka, yakaelekea kwenye migomba yake. Alisema hiyo ndiyo ada yake. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye tope.

Tuliporudi, fundi alikuwa ameshashuka. Alimweleza mume wangu kwamba mtaro huo alipanga kuuchimba baada ya kuezeka. Mume wangu alitazama tope kwenye miguu yangu, akaenda kutafuta ufagio.

Wiki chache baadaye nilitoka shule nikamkuta fundi na wageni wawili, watu wa Sibwesa waliotaka kujenga. Pima maji ilikuwa imelala kwenye ukingo wa mtaro.

"Hapa ndipo nilipoyakamata maji," alikuwa akisema.

Mmoja akauliza kina chake. Fundi akamtazama mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Muulize mama," mume wangu akasema. "Ndiye aliyechimba."

Nilisubiri fundi aone haya. Badala yake aliwaambia wageni kwamba kazi ya fundi ni kusimamia. Wakaafiki. Wote wawili wakampa kazi.