Madam Auleria na Swali la RIP

Swali halikumtoka Auleria kichwani tangu Suleiman alipoliuliza darasani. "Madam, hii RIP bado inatumika huko makazini, au tunasoma historia?" Darasa likaangua kicheko. Mmoja akadakia kwamba jina lenyewe ameliona misalabani, makaburi ya Kinondoni.

Auleria alifundisha mitandao ya kompyuta katika chuo cha vyumba viwili, Sinza, kwa kitabu cha msaada kilichochakaa. RIP aliijua: ndiyo lugha ambayo kwayo ruta, vile vifaa vinavyochagua data ipite njia gani, hupashana habari za njia. Ila ruta yenyewe hajawahi kuitia machoni. Chuo hakikuwa nayo.

Mkuu wa chuo, Mzee Romani, hakumsaidia. "Mtihani unaiuliza?"

"Unaiuliza."

"Basi fundisha."

Auleria akaanza kuzunguka mjini, akitafuta ofisi inayoitumia RIP. Benki moja ikamwambia hayo ni mambo ya usalama. Kampuni ya intaneti ikamwambia arudi wiki ijayo. Aliporudi, mhusika kasafiri. Mwishowe Mashaka, mume wa mdogo wake, aliyekuwa fundi kwenye kampuni ya mizigo Kurasini, akamwingiza chumba chenye kiyoyozi na kumwonyesha kioo cha kompyuta.

Ilikuwa RIP kweli. Auleria akafurahi kama aliyekuta ndugu yu hai.

"Kumbe mnaitumia. Mliichagua kwa nini?"

"Sie hatukuchagua, shemeji. Aliifunga mtaalamu wa mkataba, akaondoka zake."

"Lakini inafanya kazi?"

"Kwa kujikokota. Inahesabu vituo tu, yaani ruta za njiani, kasi haiijui. Data zetu inazipitisha laini ya zamani, inayotambaa kama konokono, eti kwa sababu ina kituo kimoja pungufu. Laini mpya ipo, tunaitazama."

"Si mbadilishe?"

"Kutazama tunaweza. Neno la siri la kubadilishia kaondoka nalo."

Auleria alirudi Sinza na hasira asiyojua amtupie nani. Kesho yake akawaeleza wanafunzi yote, mpaka ile laini iliyokaa bure.

"Sasa Madam," Suleiman akauliza, "mie nikiajiriwa nikaikuta hivyo, nifanyeje?"

Kitabu hakikuwa na jibu. Auleria akasema hajui, na kulitamka kulimuuma mbele ya watu waliolipa ada. Kisha akafungua ukurasa uleule wa RIP na kuendelea kufundisha kwa sauti iliyochoka, maana mtihani ulikuwa Jumatatu.