Ufa Chini ya Kitanda

Kwanza nilisikia nyundo ya mama ya kupasulia mawe ikigonga thamosi ndani ya mkoba wake wa kazi, ndipo akatokea mlangoni. Mkoba huo ninao hadi leo. Nikiufungua bado unanuka chumvi na mwani, harufu ya visiwa alikokwenda kuwaonya watu kwamba bahari inakula ufuo wao.

Mimi niliishi Mai Mahiu kwa shosho, mama yake. Mvua ilikuwa imepasua ardhi tena, na ufa ulikuwa umetoka shambani ukaingia hadi chini ya kitanda changu. Shosho aliushindilia mabua ya mahindi na udongo, kama kila msimu, akasiriba juu kwa samadi mbichi. Kule nje alikuwa ameshapanda maharagwe juu yake.

Mama alipiga magoti, akadidimiza fimbo ya shosho kwenye ufa uliozibwa. Ilizama yote.

"Hapa si pa kulala, Mama," alimwambia shosho.

"Watu wa bahari umewatafutia pa kuhamia. Sisi tuhamie wapi?"

"Nikirudi kutoka visiwani tutaongea."

"Na huu ufa umeuambia usubiri?"

Mama alisukuma kitanda changu hadi ukuta wa pili, akakung'uta blanketi, akalitandika vizuri.

"Utalala huku," aliniambia.

Nilimwomba alale nami siku hiyo tu. Akanibusu, akasema gari linamngoja. Fremu ya mlango ilikuwa imeanza kupinda, kwa hiyo akiwa nje ilimbidi auvute kwa nguvu zake zote ndipo ukafungika.