Sauti Niliyomtumia Mwanaisha

Leo nimemsifu mwanafunzi aliyekwisha kuzikwa.

Sikujua.

Muhula huu niliacha kuandika maoni kwenye kazi za wanafunzi wangu wa chuo. Ninarekodi sauti na kumtumia kila mmoja kwa simu. Wanasema hivyo wanaelewa zaidi.

Asubuhi nilimtumia Mwanaisha yake. Nilimwambia ana akili sana, ila aache haraka.

Adhuhuri simu ikalia. Namba yake. Nikapokea nikicheka:

"Umeshaanza kubisha?"

"Asalaam aleikum, mwalimu. Ni mimi mamake, huku Bodo."

"Waaleikum salaam. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwanaisha hatunaye. Tulimzika juzi."

Nikaitazama tena ile namba.

"Simu yake ninayo mimi," akasema. "Kusoma sijui, mwanangu. Ungeandika, nisingejua umemwambia nini. Lakini nimekusikia ukisema ana akili. Nimewaita jamaa zake wote wakasikiliza."

Kisha akauliza:

"Hii sauti haitafutika?"

"Haitafutika, mama."

Sijalia. Nimekaa tu.

Kesho nitakwenda Bodo kuhani. Wenzangu mnaofundisha, nikifika nimwambie nini?