Utando Juu ya Boroni

Majaribio yangu ya kuwasha unga wa boroni yalipoanza kuleta matunda, mtu niliyetamani kumwonyesha kwanza ni mwalimu aliyenifundisha kemia sekondari, mama mstaafu anayeishi Handeni. Nilikuwa likizo nyumbani kwetu Kilole, Korogwe. Nikapanda basi la asubuhi.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda! Huko chuo kikuu hamli?"

Sikungoja hata chai. Nikampa simu atazame video. Kwanza unga wa boroni mtupu: tunaupasha moto mkali, unameremeta kidogo, unazima. Boroni ina nishati nyingi, lakini ikipata moto hujifunika kwa oksidi yake yenyewe. Oksidi hiyo huyeyuka, ikaizingira chembe, hewa isipenye. Kisha unga uleule, safari hii kila chembe tumeivisha utando wa kioksidishaji, kitu kinachotoa oksijeni palepale kwenye chembe. Huo ulilipuka kwa mwanga mweupe uliojaza kioo chote.

Alitazama mara tatu. Nilijua sifa zinakuja.

"Umejuaje kwamba kilichowaka ni boroni," akauliza, "na siyo huo utando?"

"Mwalimu, si unaona mwanga ule?"

"Mwanga nimeuona. Nakuuliza boroni."

Nilikunywa chai yake nikiwa nimenuna kama binti wa kidato cha pili. Lakini ndani ya basi la kurudi Korogwe nilikuwa nimeshaanza kuandika jaribio jipya nyuma ya tiketi, na sikuwa na wasiwasi hata chembe. Wazo lilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni ushahidi.

Niliporudi maabara nilivisha utando uleule kwenye unga usiowaka kabisa. Ukatoa mwanga mweupe vilevile! Nikaanza kupima majivu ya kila sampuli, kuona boroni kiasi gani imebaki bila kuungua. Ile ya kwenye video, yenye utando mnene, ilikuwa imebakiza boroni karibu sawa na unga mtupu. Zile za utando mwembamba, ambazo sikuwa nimejisumbua kuzirekodi kwa sababu hazikupendeza macho, zilishika moto mapema, zikaendelea kuwaka kwa rangi ya kijani, rangi ya boroni yenyewe, na majivu yake yalikuwa na mabaki machache sana.

Nikampigia simu.

"Mwalimu, ile video ilikuwa fataki tu. Utando mwembamba ndio unaoiwasha boroni. Nimerudia na kurudia, jibu ni lilelile."

"Na video umeipeleka wapi?"

"Nimeitoa kwenye ripoti."

Akacheka kwa sauti. "Hongera, mwanangu. Sasa nieleze, huo utando mnaufanyaje ushike bila kubanduka?"

Tuliongea mpaka simu yake ikaisha chaji.