Nyasi za Uwanja wa Padri

Nthambi, msichana mshonaji wa nguo, alihamia Kitengela kutoka Mwingi mwaka 1992. Mwaka uliofuata, padri mmoja wa Ayalandi alisafisha kiwanja nyuma ya kanisa, akasimamisha nguzo ndefu zenye umbo la herufi H, akawafundisha vijana mpira wa kwao: unaudaka kwa mikono, unaupiga kwa mguu, na ukiupitisha kati ya nguzo, juu ya mwamba unaoziunganisha, umepata pointi. Wengi walicheka. Nthambi alijaribu mara moja, mchezo ukamwingia damuni.

Padri alirudi kwao. Kisha mvua za El Niño zikachimba makorongo uwanjani, na watu wakapafanya jalala. Nthambi ilimuuma. Akamwendea Wanyonyi, fundi wa kuchomelea vyuma aliyekuwa akicheza naye, wakazoa taka, wakajaza makorongo, wakaweka nguzo mpya na ua. Wakapanda nyasi, wakawa wanazimwagilia kwa ndoo.

Nyasi zilikuwa zimeshika vizuri ukame wa mwaka 2000 ulipobana. Asubuhi moja Mama Naserian, Mmasai jirani yao, alisimama langoni na ng'ombe watano, mbavu nje.

"Takwenya," Nthambi alimsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," Mama Naserian aliitikia. "Mama, ni nyasi hizi tu zimebaki. Wacha ng'ombe zikule kidogo."

"Nthambi, usikubali," Wanyonyi alisema. "Zikiingia, hatuna uwanja."

Nthambi alimkumbuka mamake kule Mwingi, mwaka wa njaa ya themanini na nne, ameketi kando ya dume lao la ng'ombe lililokataa kuinuka.

"Fungua," alisema. "Nyasi itamea tena. Ng'ombe ikikufa haimei."

Wanyonyi alifungua, akaondoka bila kuaga. Wiki haikuisha, uwanja ukabaki vumbi. Nthambi hakujuta, lakini alilia.

Mvua iliponyesha, Mama Naserian alikuja na punda waliobeba samadi. Ng'ombe watatu walikuwa wamepona. Wanawake hao wawili walipokuwa wakiitandaza, Wanyonyi akatokea na toroli lake. Alianzia upande wa pili, na kufikia saa sita walikuwa wamekutana katikati.

"Nilikasirika sana," alimwambia Nthambi.

"Najua. Leta hapa, kona hii bado."

Mechi ya kufungua uwanja ilichezwa mwaka 2002. Nthambi, miaka thelathini na ushei, alipiga mpira ukapita kando kabisa.

"Si ungeubeba tu mpaka kule kwa nguzo?" Mama Naserian alipaza sauti, na Nthambi akacheka mpaka akakaa chini.